Nyuzi Laini za Haidrojeli kwa Mirija ya Kioo: Mwongozo Kamili kwa Waliochoka na Mdomo Unaoziba

Malalamiko ninayopokea kuhusu kazi hii ya kutengeneza nyuzi za haidrojeli (jeli iliyojaa maji) yanafanana kama mapacha. "Uzi ulitoka vizuri dakika mbili, kisha mrija ukaziba." "Napata ushanga, si uzi." "Uzi ulikuwepo jana jioni, asubuhi nimekuta ute." Wengi wao wameshabadilisha pampu, wameshanunua unga mwingine, na wengine wametupa vifaa vitatu au vinne. Wachache ndio waliojiuliza: kalsiamu na alginati (kemikali ya mwani inayoganda kuwa jeli ikikutana na kalsiamu) zilikutana wapi kwa mara ya kwanza?

Zikikutana mbele ya mdomo wa mrija wa ndani unaotoa alginati, mikondo yote miwili (alginati katikati, kalsiamu ikiizunguka kwa nje) ikiwa inatembea, unapata uzi. Zikikutana kwingine kokote, iwe ndani ya mdomo, kwenye kiungo cha mpira au ndani ya chupa ya maji ya bomba, unapata donge. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda makutano hayo.

Tunalenga uzi wa alginati wenye kipenyo cha mikromita 100 hivi, kama unywele mnene, unaotoka bila kukatika kwa mita nyingi. Mililita moja tu ya alginati inatosha uzi wa unene huo wenye urefu wa zaidi ya mita 100, kwa hiyo huhitaji kuandaa ndoo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kemikali

- Unga wa alginati ya sodiamu, wa mnato mdogo
- Kloridi ya kalsiamu. Soma kwenye chupa kama ni kavu kabisa au ni ile yenye maji mawili ya fuwele
- Kloridi ya sodiamu, chumvi safi ya maabara
- Sitrati ya sodiamu, kwa ajili ya kuzibua
- Gliserini, ukitaka (nitaeleza)
- Maji yaliyoondolewa ioni, lita 2 au zaidi

Mirija na viungo

- Mirija ya kioo ya duara, kipenyo cha nje milimita 1.0, cha ndani milimita 0.58
- Mrija wa kioo wa mraba, upana wa ndani milimita 1.05
- Sindano butu za geji 20 zenye kitako cha plastiki
- Mpira mwembamba wa kupitishia maji, wenye tundu la milimita 0.86, unaoshika vizuri sindano ya geji 20
- Vali ya njia tatu
- Gundi ya epoksi ya dakika tano
- Slaidi ya kioo ya hadubini
- Msasa laini wa namba 1000 au zaidi

Mashine

- Pampu mbili za sirinji
- Sirinji ya mililita 1 na ya mililita 50 au 60
- Hadubini ya kawaida
- Kikorogeo cha sumaku na mizani inayosoma miligramu
- Kichomeo cha gesi, au mashine ya kuvutia mirija kama unayo
- Beseni la kina kifupi, kikombe na vibano vyenye ncha laini
- Miwani ya kukinga macho. Utakata na kusaga kioo, na kipande cha kioo hakipigi hodi

## Hatua ya 1: Andaa alginati siku moja kabla

Pima gramu 1 ya unga kwa mililita 50 za maji. Hiyo ni asilimia 2. Washa kikorogeo mpaka maji yafanye shimo katikati, kisha nyunyizia unga kidogo kidogo kwenye ukingo wa shimo. Ukimwaga wote kwa pamoja utapata mabonge makavu ndani na yenye ute nje, ambayo hata siku mbili za kukoroga haziyamalizi.

Acha ikoroge usiku kucha. Usichemshe ili kuharakisha. Joto kali hukata minyororo ya alginati, na minyororo mifupi hutoa uzi dhaifu. Ndiyo sababu wanaohitaji alginati isiyo na vijidudu huichuja badala ya kuipika.

Asubuhi, izungushe kwenye mashinepewa (mashine inayozungusha chupa kwa kasi sana) dakika 10 hadi 15, au iache imetulia kwenye jokofu mpaka viputo vyote vipande juu. Kisha ipitishe kwenye chujio la sirinji la mikromita 5. Ukiona mkono unauma kwa kusukuma, mnato ni mkubwa mno. Punguza hadi asilimia 1.5.

Onyo. Usitumie maji ya bomba. Maji magumu yana kalsiamu yake, na alginati haiulizi kalsiamu imetoka wapi. Vinavyotokea ni vijidonge vidogo usivyoviona, ambavyo baada ya nusu saa hukusanyika pale pale kwenye mdomo wa mikromita 100.

Utajua umefaulu kama mmumunyo ni angavu na hauna punje ukiutazama mbele ya taa, na ukiudondosha unavuta mkia mfupi kabla ya tone kukatika.

Jambo la kuangalia kwenye lebo: alginati hutokana na mwani wa kahawia, na minyororo yake ina sukari za aina mbili, gulurone na manurone. Kalsiamu hushikana na sehemu zenye gulurone nyingi. Unga wenye gulurone nyingi hutoa uzi mgumu unaovunjika ukikunjwa, na wenye manurone nyingi hutoa uzi laini unaonyumbuka. Kwa mara ya kwanza, chagua ulio katikati.

## Hatua ya 2: Andaa kalsiamu

Tunataka milimoli 100 kwa lita. Kwa mililita 100 za maji, pima gramu 1.47 za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, au gramu 1.11 za ile iliyo kavu. Watu wengi hukosea hapa kwa kutosoma chupa, kisha wanashangaa kwa nini matokeo yao hayalingani na ya jirani. Chumvi hii pia hunyonya unyevu wa hewa. Chupa iliyokaa wazi wiki nzima inakupimia maji.

Tengeneza mafungu mawili: moja la sirinji na jingine la beseni.

Gliserini nayo ina kazi yake. Alginati ni nzito kuliko maji, na uzi mzito ndani ya mkondo mwepesi huyumba. Gliserini ya asilimia 30 kwa uzito huongeza mnato wa maji takriban mara 2.5, na uzi hutulia. Mimi huanza bila gliserini, na huiongeza tu nikiona uzi unacheza. Kama utaweka chembe hai ndani ya nyuzi, iache kabisa.

## Hatua ya 3: Vuta na usawazishe mdomo wa ndani

Shika mrija wa duara ncha zote mbili, uzungushe juu ya mwali mpaka sehemu ya katikati ilainike na kuanza kulegea. Sasa sikiliza: utoe kwenye moto kwanza, ndipo uvute. Ukivuta ukiwa bado motoni unapata uzi wa kioo mrefu usio na tundu la maana. Nje ya moto una sekunde moja hivi, na mvuto mmoja wa taratibu unatosha.

Kwaruza mahali penye wembamba unaotaka na uvunje kwa kidole cha kibano. Ncha itakuwa na meno. Isugue kwa msasa uliolowa, mrija ukiwa umesimama wima, huku ukisukuma maji polepole kwa sirinji kutoka nyuma. Maji hayo yanazuia unga wa kioo usiingie ndani. Ukiuruhusu uingie, utatoka siku ya kazi, na utakwama mdomoni.

Chungulia kwa hadubini. Unataka tundu la duara la mikromita 100 hivi, ncha iliyokatwa sawasawa, isiyo na ufa. Mdomo uliopinda upande mmoja hutema alginati kwa mshazari, na uzi hugusa ukuta kabla haujaganda. Huo utupe, hata kama umekuchukua saa nzima. Nimewahi kujidanganya kwamba "kidogo tu umepinda", nikapoteza mchana mzima kutafuta kosa kwenye pampu.

## Hatua ya 4: Unganisha kifaa

Uzuri wa kuweka mrija wa duara ndani ya mraba ni kwamba vinajipanga vyenyewe. Mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 1.0 ndani ya mraba wa milimita 1.05 hauna pa kwenda ila katikati, na kona nne za mraba zinabaki kuwa njia ya mkondo wa nje.

Fuata mpangilio huu:

1. Gundisha mrija wa mraba wa sentimita 4 juu ya slaidi.
2. Kutoka kulia, ingiza mrija wa duara usiovutwa wenye urefu wa sentimita 8 mpaka uingie sentimita 2. Huu ni mrija wa kukusanyia, na uzi utagandia humo.
3. Kutoka kushoto, ingiza mrija uliovutwa. Ukitazama kwa hadubini, sukuma mpaka ncha iingie ndani ya mrija wa kukusanyia kwa milimita 1 hivi.
4. Funika mwanzo wa mraba upande wa kushoto kwa kitako cha sindano ulichokitoboa ubavuni ili mrija upite. Hapa ndipo kalsiamu itaingia.
5. Weka kitako kingine kwenye mkia wa mrija uliovutwa. Hapa ni pa alginati.
6. Ziba kwa epoksi pande zote za vitako, na pengo kati ya mraba na mrija wa kukusanyia upande wa kulia.

Hatua ya sita ndiyo huharibu vifaa vingi. Epoksi mbichi ni nyepesi, na kona za mraba huifyonza kama utambi unavyofyonza mafuta. Unaweka tone nje, dakika moja baadaye liko ndani limeziba njia zote nne. Changanya gundi, isubiri dakika tatu mpaka ianze kuwa nzito na kuvuta nyuzi zake, ndipo uipake. Kama umechelewa na imekuwa jiwe, changanya nyingine. Gundi ni rahisi kuliko kifaa.

Acha ikauke usiku mzima, hata kama kopo linasema dakika tano. Hizo tano ni za kushika tu.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa maji kabla ya yote

Jaza sirinji ndogo maji ya rangi na sirinji kubwa maji matupu. Weka mkondo wa ndani mililita 1 kwa saa na wa nje mililita 20 kwa saa.

Chini ya hadubini unapaswa kuona mstari mmoja wa rangi, ulionyooka, katikati ya mrija wa kukusanyia, wenye kingo zilizo wazi. Kwa vipimo hivi namba ya Reynolds (kipimo cha kama mkondo utatulia au utavurugika) ni kama 13, mbali sana chini ya pale ambapo mikondo huvurugika. Maji mawili yanatembea sambamba bila kuchanganyika ila kwa kupenyezana polepole. Na kwa kuwa yote mawili ni maji, hakuna mvutano wa uso kati yao wa kuukata mstari kuwa matone. Hiyo ndiyo siri ya kupata uzi.

Mstari ukiegemea ukuta, mdomo umepinda. Ukipumua, yaani unanenepa na kukonda kwa mapigo, kuna kiputo ndani ya mpira au sirinji ni kubwa mno kwa mwendo huo. Sirinji kubwa kwenye mwendo mdogo husukumwa kwa hatua zinazoonekana, na ndiyo maana alginati tunaiweka kwenye sirinji ya mililita 1.

Usiende hatua ya 6 kabla mstari haujatulia dakika tano mfululizo. Unachokiona sasa kwa rangi ndicho utakachopata kwa jeli.

## Hatua ya 6: Kuwasha kwa mpangilio

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Silika ni kuwasha pampu zote kwa pamoja. Kwa sekunde chache za mwanzo, kabla alginati haijapata kasi, kalsiamu inaingia mdomoni na kufanya kizibo. Uzi unatoka kando ya kizibo, unaonekana mzuri, na kizibo kinaendelea kukua.

Dawa ni kuanza na mkondo wa nje usio na kalsiamu. Unganisha vali ya njia tatu karibu na kifaa kadiri inavyowezekana. Tundu moja linaenda kwenye kifaa, la pili kwenye sirinji ya kalsiamu, la tatu kwenye chupa ya maji matupu iliyotundikwa sentimita 10 hadi 15 juu ya usawa wa beseni. Uzito wa maji wenyewe unatosha kusukuma, huhitaji pampu ya tatu.

Sasa:

1. Weka ncha ya mrija wa kukusanyia ndani ya kikombe cha maji matupu. Usiweke kwenye beseni la kalsiamu bado.
2. Fungua maji. Subiri yatoke bila viputo.
3. Washa alginati, mililita 1 kwa saa. Subiri dakika tatu hadi tano, mpaka uione ikitoka mdomoni kama mstari. Haina rangi, lakini mwanga ukipita kwa pembeni utauona ukingo wake.
4. Washa pampu ya kalsiamu, mililita 20 kwa saa, na papo hapo geuza vali kutoka maji kwenda kalsiamu.
5. Hesabu. Kama kati ya vali na kifaa kuna mpira wa sentimita 10, kalsiamu itafika baada ya sekunde 10 hivi, na itahitaji chache nyingine kupita kwenye mraba.
6. Mstari utabadilika ghafla. Ukingo uliokuwa laini unakuwa mkali kama umechorwa kwa kalamu. Huo ni uzi.
7. Sasa ndipo uhamishe ncha kutoka kikombeni kwenda kwenye beseni la kalsiamu.

Kwa nini kikombe? Alginati iliyo bado majimaji ikifika moja kwa moja kwenye beseni la kalsiamu, inagandia kwenye ncha ya kutokea. Utakuwa umeokoa mdomo wa ndani na kuziba wa nje.

Utajua umefaulu uzi ukitoka dakika tano bila kubadilika unene, na sauti ya pampu ikabaki ile ile. Pampu inayoanza kuguna inasukuma dhidi ya kizibo.

## Hatua ya 7: Rekebisha unene

Watu hupenda kubadilisha mdomo wakitaka uzi mwembamba. Kwenye kifaa hiki mdomo una sauti ndogo. Unene huamuliwa na mgao wa mikondo ndani ya mrija wa kukusanyia.

Kuna makadirio mawili. La kwanza linachukulia kwamba kila kitu ndani ya mrija kinatembea kwa kasi moja: kipenyo cha uzi ni kipenyo cha mrija mara kipeuo cha pili cha mgao wa mkondo wa ndani katika jumla. Tundu la mikromita 580, ndani 1, nje 20: 1 gawa kwa 21, chukua kipeuo cha pili, zidisha 580. Unapata 127. La pili linakumbuka kwamba katikati ya mrija maji hukimbia mara mbili ya wastani, kwa hiyo uzi ulioko katikati hunyooshwa zaidi. Hilo linatoa 90. Uzi wako utaangukia kati ya hizo mbili. Ukipima 200, usitafute kosa kwenye hesabu. Tafuta uvujaji wa mkondo wa nje.

Ukiacha nje kwenye 20 na kupunguza ndani hadi 0.5, makadirio ni mikromita 64 hadi 91. Ukipandisha ndani hadi 2, ni 125 hadi 175. Utaona kwamba kupunguza nusu hakupunguzi unene nusu. Kipeuo cha pili kinatawala, na ili uzi uwe nusu ya unene inabidi mkondo wa ndani ushuke hadi robo.

Kuna mipaka pande zote mbili. Ukishusha alginati mno, mwendo wake mdomoni unakuwa mdogo kiasi kwamba kalsiamu inapata nafasi ya kupenya kinyume na kuingia. Ukipandisha mkondo wa nje sana, uzi unatoka kabla haujaganda. Kalsiamu hupenya ndani ya maji polepole, na kufika katikati ya uzi wenye nusu-kipenyo cha mikromita 50 huhitaji sekunde moja hadi tatu. Kwa mililita 21 kwa saa, uzi unapita kwenye mrija wa kukusanyia kwa milimita 22 hadi 44 kwa sekunde, yaani unakaa humo sekunde mbili hadi nne. Panatosha, ila hapana ziada ya kuchezea. Ukitaka mwendo mara mbili, refusha mrija.

Badilisha kitu kimoja tu, subiri dakika mbili, ndipo upime. Pima mahali kumi kwenye uzi, si mahali pamoja penye sura nzuri. Tofauti ya chini ya asilimia 10 kati ya pembamba na panene ni kazi nzuri kwa kifaa cha mkono.

## Hatua ya 8: Kusanya

Ncha ya kutokea ikae ndani ya maji ya beseni muda wote. Ukiiacha hewani, tone linaning'inia, linakua, linaanguka na uzi wako, linaanza tena. Kila tone ni mvuto na mkunjo.

Kama unataka tu lundo la uzi, sogeza ncha polepole ukizungusha, uzi ulale kwa miduara. Ukiutoa mahali pamoja utajisokota kama chemchemi, kwa sababu mkondo unapunguza kasi ghafla ukiingia kwenye beseni pana na uzi wa nyuma unausukuma wa mbele.

Kama unataka uzi ulionyooka, tumia gurudumu linalozunguka, nusu yake ikiwa ndani ya beseni. Lenye kipenyo cha sentimita 3 lina mzingo wa milimita 94. Kwa uzi unaotoka milimita 44 kwa sekunde, linahitaji mizunguko 28 kwa dakika. Anza chini ya hapo, shika ncha ya uzi kwa kibano chenye ncha zilizolowa, uiguse kwenye gurudumu, kisha ongeza kasi mpaka mlegeo uishe. Uzi ukitetemeka kama uliopigwa kidole, umezidisha.

Uache kwenye beseni la kalsiamu dakika tano hadi kumi ili kiini kigande sawa na ngozi.

## Hatua ya 9: Kuzima, ambako ni kuwasha kinyumenyume

Ukizima alginati na kuacha kalsiamu inatembea, umeziba mdomo kwa mkono wako. Rudi njia uliyokuja:

1. Hamisha ncha ya kutokea kwenye kikombe cha maji matupu.
2. Geuza vali kutoka kalsiamu kwenda maji, uzime pampu ya kalsiamu.
3. Subiri dakika moja, mpaka ukingo wa uzi ulainike tena. Kinachotoka sasa ni alginati ya majimaji.
4. Badilisha sirinji ya alginati kwa ya maji. Sukuma dakika kumi.
5. Zima yote, kisha puliza hewa ndani ya mirija ikauke.

Kifaa kilichozimwa hivi kinatumika tena na tena. Kilichoachwa na alginati ndani usiku kucha kinakuwa pambo la mezani.

## Hatua ya 10: Osha na utunze

Hapa naomba radhi kwa lugha yetu, maana nyuzi zitatunzwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na msomaji mmoja aliwahi kuhesabu nyuzi zake akidhani ninamwambia idadi.

Osha kwa kloridi ya sodiamu ya asilimia 0.9 iliyotiwa kalsiamu milimoli 5 kwa lita, mara mbili, kisha hifadhi humo humo kwenye jokofu. Alginati ni chakula cha vijidudu, kwa hiyo tumia mimumunyo iliyochujwa na chombo chenye kifuniko.

Usioshe kwa bafa ya fosfati (mmumunyo wa fosfati unaodhibiti uasidi). Nilifanya hivyo siku zangu za mwanzo kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani. Asubuhi yake, kwenye kisahani palikuwa na ute na unga mweupe mwembamba chini. Fosfati inainyang'anya alginati kalsiamu na kuigeuza tope, huku sodiamu ikichukua nafasi iliyoachwa. Sitrati hufanya vivyo hivyo, upesi zaidi. Maji matupu nayo yanavimbisha uzi taratibu.

Usiuache hewani. Uzi wa mikromita 100 hukauka kwa dakika chache, na ukiurudisha majini haurudi ulivyokuwa.

## Uzi ukigoma

Ushanga. Uvimbe unaojirudia kwa umbali sawa ni mapigo ya pampu au kiputo. Uvimbe usio na mpangilio ni chembe ndani ya alginati: rudi kwenye chujio.

Uzi bapa. Umegusa ukuta kabla ya kuganda. Tazama kama mdomo umekaa katikati.

Uzi unakatika baada ya kila sentimita chache. Mkondo wa nje ni mkali mno, au alginati imekuwa nyepesi. Kama mmumunyo una zaidi ya wiki mbili, tengeneza mwingine kabla ya kugusa pampu.

Uzi unajisokota ndani ya mrija wenyewe. Alginati inatoka mdomoni haraka kuliko mkondo unaoizunguka. Kwa mdomo wa mikromita 100 na mililita 1 kwa saa, inatoka kwa milimita 35 kwa sekunde, karibu sawa na kasi ya katikati ya mrija. Kwa mdomo wa mikromita 60, mwendo huo unakaribia mara tatu. Hapa ndipo ukubwa wa mdomo unapohesabika: panua mdomo, au ongeza mkondo wa nje, au tia gliserini.

Mdomo umeziba tayari. Zima pampu zote mara moja. Usisukume kwa mkono. Kioo kilichovutwa kitapasuka kabla kizibo hakijatoka. Ondoa kalsiamu, jaza sitrati ya sodiamu ya milimoli 55 kwa lita upande wa mkondo wa nje, acha dakika ishirini, kisha isukume polepole kwa mililita 2 kwa saa huku ukitazama kwa hadubini. Kizibo kinaanza kupoteza ukingo, kinavimba, kinalegea, kisha kinaondoka kwa mkupuo. Suuza kwa maji matupu dakika kumi, maana sitrati ikibaki humo itaila kalsiamu ya uzi ujao, na urudi hatua ya 5, kwenye maji ya rangi.